Kikosi Kilichokimbia Hakijafa: Kurudi Nyuma katika Michezo ya Vita ya Zamu

Katika chumba kimoja cha Mengo Kisenyi, jijini Kampala, ambako wachache wetu tunaozungumza Kiswahili hukutana Jumamosi alasiri kucheza michezo ya vita, ubishi mkali zaidi huzuka baada ya dadu kutulia, pale tunapoulizana kikosi kilichoshindwa kiende wapi. Mgeni aliyelelewa na drafti hutarajia kwamba kete iliyopigwa itaondolewa ubaoni. Anapoona kikosi alichokipiga kikisogezwa nyuma nafasi mbili kikiwa kizima, na zamu tatu baadaye kikiurudia mji uleule na kuutwaa, hujiona amedhulumiwa, na wapo walioondoka wakiamini kwamba sheria ya kurudi nyuma ni huruma anayopewa mnyonge ili mchezo usiishe mapema. Nimeieleza sheria hiyo kwa mdomo mara nyingi, na kila mara nimeiachia njiani kwa sababu zamu ya mtu ilikuwa imefika. Hapa nataka kuieleza yote.

Michezo ya zamu ni ile ambayo mchezaji mmoja husogeza vikosi na kupigana hadi amalize, ndipo mwenzake apokee. Mpangilio huo ndio unaoifanya sheria ya kurudi nyuma kuwa ngumu. Katika mchezo ambao wote hupigana kwa wakati mmoja, askari anayezidiwa hugeuka na kukimbia papo hapo, na mwenye askari ndiye anayemwamuru. Katika mchezo wa zamu mwenye kikosi ameketi, mikono mapajani, wakati mwenzake anashambulia, wala hana ruhusa ya kugusa chochote. Kwa hiyo, ikiwa kikosi chake kitaokoka kwa kuondoka, lazima iwepo sheria inayokiondoa katikati ya zamu ya adui, na sheria hiyo haina budi kusema nani anakisogeza, kielekee upande gani, kiende umbali gani, na itakuwaje iwapo njia imezibwa. Majibu ya maswali hayo hutofautiana sana kutoka mchezo hadi mchezo, na swali la mwisho, lile la njia iliyozibwa, ndilo ninaloliona kuwa na uzito kuliko mengine yote kwa pamoja.

Michezo ya ubao tuliyorithi inatusaidia kidogo tu. Katika drafti kete ya kawaida husonga mbele, na ikirukwa imekufa. Katika omweso, bao la Kiganda lenye mashimo 32 na kete 64, hakuna kete inayotoka ubaoni, kwani zilizoliwa hupandwa upande wa aliyezila, na askari wa adui wa jana huwa askari wako leo. Ludo ndiyo iliyo karibu zaidi, kwa kuwa kete iliyopigwa hurejeshwa nyumbani kusubiri sita ili itoke tena: imepoteza safari yake yote, lakini bado ni ya mwenyewe. Aliyewahi kurejeshwa nyumbani akiwa amebakiza hatua tatu afike anajua tayari kwamba kushindwa na kufa ni mambo mawili. Michezo ya vita imeichukua hali hiyo na kuiweka katikati ya ramani, na huko hakuna nyumba inayokisubiri kikosi. Kinarudi mahali ambapo majirani zake, rafiki na adui, wamekiachia.

Kwa michezo ya kisasa ya mezani, mengi yalianza kwa Mmarekani Charles S. Roberts, aliyeuza mchezo wake wa Tactics kuanzia mwaka 1954 na kuanzisha kampuni ya Avalon Hill mwaka 1958. Michezo ya kampuni hiyo ilieneza jedwali la matokeo ya mapigano, ambalo hadi leo limejificha ndani ya michezo mingi ya kompyuta. Mshambuliaji hujumlisha nguvu za vikosi vyake na kuzilinganisha na za mlinzi. Ikiwa ana 12 dhidi ya 4, uwiano ni tatu kwa moja. Hurusha dadu, husoma safu ya tatu kwa moja, na hapo hukuta moja ya matokeo machache: mshambuliaji ameangamia, mshambuliaji arudi nyuma nafasi mbili, pande zote mbili zimepoteza kwa kiasi sawa, mlinzi arudi nyuma nafasi mbili, au mlinzi ameangamia. Litazame jedwali hilo kwa utulivu utaona kwamba matokeo mawili kati ya hayo hayaui mtu yeyote, na bado yanahesabiwa kuwa ushindi na kushindwa.

Sisi wenyewe tulielewa kwa nini tulipojaribu kuchora ramani ya mapigano ya Lukaya, ambayo kila msafiri wa Masaka amepita mahali yalipotokea. Tarehe 10 Machi 1979 brigedi ya 201 ya jeshi la Tanzania ilikuwa Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, pale barabara inapovuka kinamasi. Wanajeshi wa Libya waliokuja kumsaidia Idi Amin, pamoja na askari wa Uganda, walishambulia wakitokea upande wa Kampala kwa vifaru na maroketi ya Katyusha. Maroketi hayo yalipita juu ya Watanzania, lakini kishindo chake kiliwatosha: wengi walivunja safu na kukimbia. Siku iliyofuata brigedi ya 208 ilitokea kaskazini-magharibi, ile ya 201 ikashambulia tena kutoka kusini, na safari hii waliovunjika ni Walibya na askari wa Amin, ambao walipoteza watu wengi.

Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa na matokeo mawili tu, kikosi kimeangamia au hakikudhurika, na tulipoicheza iligoma kutupa vita tulivyokuwa tumevisoma. Tukiiangamiza brigedi ya 201 tarehe 10, hapakuwa na mtu wa kushambulia kutoka kusini tarehe 11. Tukiiacha bila madhara, Walibya hawakupata barabara, na kesho yake hapakuwa na haja ya brigedi ya 208 kuwahi. Mzee mmoja jirani yetu, aliyestaafu jeshi na ambaye wote humwita Afande, alikuwa amekaa mlangoni akitutazama tukiondoa vizibo vya soda tulivyovitumia kama vikosi. Alituuliza wale watu wamekwenda wapi. Tulipomjibu kwamba wamekufa, alitikisa kichwa na kutwambia kuwa hawajafa, wamekimbia, na kwamba aliyekimbia leo akipata uji na usingizi utamwona tena kesho. Nimesoma maelezo marefu ya sheria za michezo mingi tangu siku ile, na sijakuta yaliyolifafanua jambo hili vizuri kuliko alivyolifafanua yeye.

Maana ya maneno yake kwa mchezo ni kwamba kila kikosi kina akiba mbili. Ya kwanza ni watu na silaha, na hiyo ikiisha hakirudi. Ya pili ni moyo wa kusimama mahali, ambao unaweza kuisha ghafla huku watu wote wakiwa hai, na unaweza kurejea. Mchezo usio na sheria ya kurudi nyuma unahesabu akiba ya kwanza peke yake. Mchezo wenye sheria hiyo unahesabu zote mbili, na unalazimika kuzihesabu kwa namna tofauti, kwa sababu moyo ukivunjika kinachopotea papo hapo ni ardhi.

Michezo mingi hufanya hesabu hiyo kwa dadu zenye alama badala ya nambari. Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoijua ni Memoir '44, mchezo wa Richard Borg uliotoka mwaka 2004. Kila dadu ina nyuso sita: mbili za askari wa miguu, moja ya kifaru, moja ya guruneti, moja ya nyota na moja ya bendera. Ukiwashambulia askari wa miguu, nyuso mbili za askari na ile ya guruneti humwondoa mtu mmoja mmoja, kifaru na nyota hazifanyi kitu, na bendera hukilazimisha kikosi kirudi nafasi moja kuelekea upande wake wa ubao. Askari wa miguu walio nafasi jirani hurusha dadu tatu, kwa hiyo uwezekano wa kupata angalau bendera moja ni 91 katika 216, yaani karibu asilimia 42. Si kidogo. Katika karibu nusu ya mashambulizi ya karibu, mlinzi aliyejichimbia mahali pazuri ataondoka hapo hata kama hakuna aliyeguswa, isipokuwa awe nyuma ya magunia ya mchanga au ndani ya handaki la zege, ambavyo humruhusu kuipuuza bendera ya kwanza.

Sasa funga njia ya nyuma uone kinachotokea. Sheria ya mchezo huo inasema kwamba kikosi kisichoweza kutii bendera, kwa kuwa nafasi za nyuma zimekaliwa na wenzake, au ni mto usiovukika, au ni ukingo wa ubao, hupoteza mtu mmoja kwa kila nafasi ambayo hakikuweza kurudi. Bendera, ambayo ilikuwa inasukuma tu, imegeuka risasi. Awali nyuso tatu kati ya sita ziliua, na sasa zinaua nne. Kwa dadu tatu, wastani wa watu wanaoondolewa unapanda kutoka mmoja na nusu hadi wawili, na kikosi chenyewe cha askari wa miguu kina watu wanne tu. Mshambuliaji hakuongezewa bunduki hata moja. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyejiongezea hasara kwa theluthi nzima, pengine kwa kuwapanga wenzake bega kwa bega nyuma yake akidhani anawaimarisha. Kila mchezaji mpya tuliyempokea amefanya kosa hilo, na mimi nililifanya kwa miezi.

Hapo ndipo kilipo kiini cha jambo hili. Nafasi tupu nyuma ya kikosi chako ni mali yako sawa na kikosi chenyewe. Ukiitumia ovyo, au ukamwachia adui aikalie, umepoteza kitu ambacho hakionekani kwenye orodha ya majeruhi hadi siku ambayo dadu litaonyesha bendera.

Michezo yenye ramani ya pembesita hulifanya jambo hili kuwa la kijiometri kabisa, kwa msaada wa kile kinachoitwa eneo la udhibiti. Kila kikosi kinatawala nafasi sita zinazokizunguka, kwa maana kwamba adui anayeingia humo hulazimika kusimama, na katika michezo mingi kikosi kinachorudi nyuma hakiruhusiwi kuingia humo kabisa, kikilazimika, kinaangamia. Chukua kizibo kimoja cha soda ukizungushie vingine sita mezani. Adui mmoja anayekigusa kizibo cha katikati amekalia nafasi moja, na eneo lake la udhibiti linafunika mbili zilizo kando yake, jumla tatu. Adui wa pili akisimama ubavuni mwa wa kwanza, nafasi zilizofungwa huwa nne na mbili hubaki wazi. Akiruka nafasi moja, hufungwa tano na hubaki moja. Akisimama upande wa pili kabisa, akimkabili mwenzake, zote sita zimefungwa. Vikosi viwili vilevile, vyenye nguvu ileile, vinaweza kukuachia milango miwili, mmoja, au kukunyima wote, na tofauti ni mahali viliposimama tu.

Ndiyo maana mchezaji mzoefu huonekana kupoteza zamu akizungusha kikosi kimoja mbali na mapigano. Haendi kuongeza nguvu ya shambulio; anakwenda kusimama upande wa pili. Jedwali likisema baadaye kwamba mlinzi arudi nyuma, matokeo ambayo mgeni angeyaona ya wastani, yeye anayasoma kuwa mlinzi ameangamia. Inafaa kuongeza kwamba michezo hutofautiana kuhusu rafiki aliyesimama katika nafasi ya kurudia. Mingine humhesabu kuwa kizuizi, kama tulivyoona. Mingine humruhusu anayerudi apite katikati yake, au husema kwamba uwepo wake unalifuta eneo la udhibiti la adui katika nafasi hiyo, na kwa hiyo kikosi kimoja kilichowekwa nyuma kwa makini kinaweza kuuacha mlango wazi kwa wengine wawili. Soma kifungu hicho kabla ya kupanga safu yako ya kwanza.

Kuhusu nani anayesogeza, nitapita haraka. Katika michezo mingi ni mwenye kikosi, ndani ya mipaka iliyowekwa. Katika baadhi ya michezo ya zamani mshindi ndiye aliyekisogeza kikosi cha mwenzake, na aliweza kukipeleka mahali pabaya kuliko pote paliporuhusiwa. Michezo ya kompyuta huchagua yenyewe, mara nyingi bila kueleza kwa nini, na mchezaji hujifunza tabia ya programu kwa kuitazama mara nyingi.

Mchezo wa Diplomacy wa Allan B. Calhamer, uliochapishwa mwaka 1959, unastahili kukaliwa kidogo kwa sababu hauna dadu kabisa, na kwa hiyo unaionyesha sheria ya kurudi nyuma ikiwa uchi. Wachezaji huandika amri zao kwa siri na kuzifungua pamoja. Tuseme jeshi la Ujerumani liko Munich, nalo jeshi la Ufaransa linaingia kutoka Burgundy likiungwa mkono na jingine lililoko Ruhr. Wawili dhidi ya mmoja: Mjerumani ameng'olewa na lazima aondoke. Munich inapakana na maeneo saba. Hawezi kwenda Burgundy, kwa kuwa ndiko alikotoka aliyempiga. Hawezi kwenda Ruhr, ambako kuna jeshi. Kiel na Berlin zimekaliwa na wenzake. Silesia ni tupu, lakini katika zamu hiyohiyo Mrusi na Muaustria waligongana wakitaka kuingia humo na wote wakashindwa, na sheria inasema eneo lililobaki tupu kwa mgongano haliwezi kupokea anayekimbia. Zimebaki Bohemia na Tyrolia. Ataandika moja, bila kuruhusiwa kujadiliana na mtu, na iwapo jeshi jingine lililong'olewa zamu hiyo litaandika eneo lilelile, yote mawili yanaondolewa.

Uzuri wa Diplomacy ni kwamba kukimbia kunaweza kuwa shambulio. Umiliki wa vituo vya ugavi, yaani maeneo yanayoamua nchi iwe na majeshi mangapi, huhesabiwa baada ya zamu ya pili ya kila mwaka, na huhesabiwa baada ya waliong'olewa kurudi nyuma. Jeshi lililofukuzwa mahali katika zamu hiyo likapata nafasi ya kurudi ndani ya kituo kisicho na mlinzi, humiliki kituo hicho, na adui aliyejipongeza kwa kulifukuza hugundua kwamba amelisukuma nyumbani kwake. Tena mwenye jeshi lililong'olewa anaruhusiwa kulivunja kwa hiari badala ya kulirudisha nyuma. Nchi iliyovamiwa, ikiwa na vituo vya kutosha na kituo cha nyumbani kilicho tupu, inaweza kulivunja jeshi lililo mbali na kuunda jipya mlangoni mwake. Mchezaji asiyeijua njia hiyo hulikimbiza jeshi lake huku na huko ng'ambo ya ramani wakati mji wake mkuu unatekwa.

Michezo ya kompyuta imeyapokea haya yote kwa viwango tofauti. Panzer General, uliotolewa na kampuni ya SSI mwaka 1994, uko karibu sana na meza: kikosi kilichobanwa na mizinga kupita kiasi hurudi nyuma chenyewe, na kisipopata pa kwenda husalimu amri kikiwa kizima, jambo ambalo humpa mshambuliaji sababu ya kuzunguka kwanza na kupiga baadaye. Civilization III wa mwaka 2001 ulivipa vikosi vya mwendo wa kasi uwezo wa kujiondoa vinapokaribia kufa mbele ya adui aendaye polepole. Civilization IV wa mwaka 2005 uliligeuza jambo hilo kuwa bahati nasibu ya mshambuliaji peke yake, inayoongezwa kwa mafunzo: la kwanza la kushambulia ubavuni huongeza asilimia 10 na la pili asilimia 20. Mlinzi hapati kitu. Nimeujadili uamuzi huo na wenzangu mara nyingi, na naona una mantiki yake, kwani anayeshambulia ndiye aliyechagua saa na mahali na anaweza kuchagua pia kuacha. Lakini unauondoa mlango wa nyuma kwenye ramani na kuuweka ndani ya kikosi, na kwa hiyo mchezaji haoni tena haja ya kuuziba. Axis & Allies, mchezo wa mezani, nao humruhusu mshambuliaji pekee kuacha pambano, lakini ni lazima arudi, pamoja na wote waliobaki, katika eneo ambalo angalau kimoja cha vikosi vyake kilitoka. Hapo mlango umebaki kwenye ramani, na napendelea hivyo.

Upo pia mchezo usio na sheria yoyote ya kurudi nyuma kwa lazima ambao, kwa maoni yangu, ndio mwalimu bora wa kurudi nyuma. Battle for Wesnoth, ulioanzishwa na David White mwaka 2003, hutolewa bure, haudai kompyuta yenye nguvu, na wawili wanaweza kuucheza kwa kupokezana mashine moja. Ndio unaochezwa zaidi chumbani kwetu, na umeme ukikatika mchezo uliohifadhiwa hautoroki. Humo kikosi hupigana mahali kilipo hadi kife au zamu iishe. Kukiondoa ni kazi yako, katika zamu yako, na hakuna dadu la kukukumbusha.

Kinachokusukuma kukiondoa ni hesabu. Kikosi kilichobakiwa na uhai 6, ukikipeleka kijijini zamu hii, kitaongezewa 8 mwanzoni mwa zamu inayofuata na kufikia 14. Kikitulia hapo bila kusogea, zamu ya baadaye kitaongezewa 8 za kijiji na 2 za mapumziko, kifike 24. Zamu mbili tu, na kilichokuwa maiti ni askari tena, akiwa na uzoefu wote aliokwisha kuupata, na katika kampeni ndefu mkongwe huyo huitwa tena katika pambano lijalo kwa dhahabu 20. Kuna na mzunguko wa mchana na usiku: vikosi vya nuru hupata asilimia 25 zaidi mchana na kupungukiwa kiasi hichohicho usiku, na vya giza kinyume chake. Kwa hiyo jeshi la nuru linaloongozwa vizuri hurudi nyuma jioni hata kama linashinda, likamwacha adui alifuate gizani hadi kwenye vijiji na milima ambako alfajiri itamkuta amejitandaza. Na kwa kuwa eneo la udhibiti lipo humo kama nilivyolieleza, anayesubiri hadi kikosi chake kikishikwa pande mbili zinazokabiliana atasogea nafasi moja tu, na nafasi moja haitoshi. Ruhusa ya kuondoka ilikwisha zamu iliyopita, na hakuna aliyemwambia.

Baadhi ya michezo hujibu swali la nani anaondoka kabla hata ya pigo. Katika Commands & Colors: Ancients, kikosi chepesi kinachoshambuliwa kwa karibu na kizito kinaweza kukwepa: mshambuliaji hurusha dadu zake, lakini alama chache tu ndizo zinazohesabiwa, na mwepesi hujiondoa nafasi mbili akiwa amepungukiwa kidogo au hakuguswa. Katika mchezo huohuo kiongozi aliye pamoja na kikosi, au wenzake wawili walio kando yake, hukipa ruhusa ya kuipuuza bendera moja, na hapo msomaji ataona kwamba bega kwa bega, ambalo katika Memoir '44 lilikuwa mtego likiwa nyuma, linaweza kuwa tegemeo likiwa ubavuni. Tembo wa mchezo huo wanaolazimishwa kurudi huwachachamalia wote walio karibu, wakiwemo wa upande wao. Heroes of Might and Magic III wa mwaka 1999 nao hutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya: shujaa anayekimbia hupoteza jeshi lake lote lakini yeye na hazina alizovaa hupatikana tena kwa kukodiwa, ilhali anayesalimu amri hulipa dhahabu na kuokoa jeshi pia.

Limebaki suala la hali ya kikosi baada ya kurudi, na la anachopata mshindi. Kikosi kinachorudi kikiwa na nguvu zake zote kinaifanya sheria iwe nyepesi mno, na hapo malalamiko ya mgeni wetu yana haki. Wabunifu waangalifu hukipindua kizibo upande wa pili, kiwe kimevurugika: hakishambulii, hulinda kwa nusu ya nguvu, na huhitaji zamu moja au mbili mbali na adui ili kijikusanye. Mshindi naye hupewa haki ya kuingia katika nafasi iliyoachwa. Katika Memoir '44 vifaru vikiisha kuingia huruhusiwa kupiga tena mara moja, na ndipo bendera moja huweza kufungua safu nzima. Sheria hizi mbili huenda pamoja. Ukimpa mshindi nafasi bila kumvuruga aliyerudi, mji utakuwa wa kupokezana kila zamu. Ukimvuruga aliyerudi bila kumpa mshindi nafasi, hakuna atakayethubutu kushambulia.

Ramani yetu ya Lukaya imefika rasimu ya nne. Barabara ya kinamasini tumeichora kuwa nafasi moja kwa upana, na kila nafasi hubeba brigedi moja tu. Brigedi inayorudi ikakuta nyingine mbele yake barabarani inaruhusiwa kushuka kinamasini, lakini inaacha magari na mizinga yake, na kizibo chake kinabadilishwa kwa kilicho dhaifu zaidi. Brigedi ya 208 ikifika barabarani nyuma ya Walibya kabla hawajavunjika, hawana mlango ila ule wa majini. Ikichelewa kwa zamu moja, wanaondoka na vifaru vyao kuelekea Kampala. Afande ndiye aliyedai kifungu cha mizinga, na alidai pia kwamba kujikusanya kuwezekane usiku tu. Jumamosi iliyopita brigedi ya 201 ilikimbia nafasi tatu kuelekea Masaka, ikapinduliwa, ikalala hapo, na ilipofika zamu ya alfajiri kizibo chake kilikuwa kimegeuzwa upya na kurudishwa barabarani, kikitazama kaskazini.